Umepandikizwa nywele, umerudi Dar: maswali yenu na majibu

Barua za kupandikiza nywele zimejaa mezani. Nyingi zinatoka kwa watu waliofanyiwa Istanbul wakarudi Dar siku ya tatu au ya nne, vidonda vibichi, na daktari aliyewafanyia yuko ng'ambo anajibu kwa WhatsApp akipata nafasi. Karatasi ya maelekezo mliyopewa huko ndiyo ya kwanza kufuatwa. Haya yetu ni ya kujazia pale aliyeiandika alipodhani unakaa mji wa baridi wenye bomba lisilokatika.

Nimepandikizwa vipandikizi 2,800 Jumamosi. Leo Jumanne uso umevimba, macho hayafunguki vizuri. Shemeji anasema nimewekewa sumu. Nirudi hospitali? — Msomaji, Tabata

Pole sana, ndugu. Hiyo si sumu, na kwa unavyoieleza si maambukizi. Siku ya upasuaji ngozi ya kichwa huchomwa maji mengi ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini, ili ngozi inyanyuke na damu isitoke hovyo. Maji hayo yakianza kutoka yanafuata mteremko. Siku ya pili paji la uso linanenepa, ya tatu na ya nne yanafika kwenye kope na juu ya pua, na kati ya siku ya tano na ya saba yameisha. Wewe uko kileleni sasa hivi.

Lala chali, kichwa kimeinuliwa kama nyuzi 45, kwa mito mitatu au kwenye kochi, siku tano hadi saba za mwanzo. Ule mto wa shingo wa wasafiri unasaidia kuzuia kichwa kisigeuke usingizini. Mchana, kwa vidole viwili, sukuma uvimbe taratibu kutoka katikati ya paji kwenda kwenye panja, dakika tano, mara tatu au nne kwa siku, bila kupanda juu zilikopandwa nywele. Barafu ifunge kwenye kitambaa, iweke juu ya nyusi kwa dakika kumi. Isiguse kabisa zilikopandwa: baridi inabana mishipa midogo ambayo vipandikizi vinaitegemea, na kwa kuwa ngozi ya hapo bado ina ganzi, hutahisi inapoungua.

Kama ulipewa prednisolone, vidonge vya kushusha uvimbe, maliza dozi kama ilivyoandikwa. Kama hukupewa, usijinunulie, hasa ukiwa na kisukari au presha. Kwa maumivu tumia paracetamol gramu moja kila baada ya saa sita, isizidi gramu nne kwa siku. Ibuprofen na diklofenaki ziache wiki ya kwanza kwa sababu zinaongeza kutoka damu. Aspirini vilevile, isipokuwa kwa aliyeandikiwa kwa ajili ya moyo. Huyo asiiache bila kumuuliza daktari wake.

Cha kukupeleka hospitali ni hiki: uvimbe wa upande mmoja unaouma na kuwaka moto, usaha, macho kuona ukungu, au uvimbe unaoanza upya baada ya wiki. Kwikwi za siku mbili tatu za mwanzo zisikutishe. Zinawapata baadhi ya watu, zinakera, kisha zinaondoka.

Kwetu Mbagala bomba linatoka mara mbili kwa wiki, siku nyingine tunachota kisimani na maji yake yana chumvi. Nioshe vipi kichwa? Naogopa kung'oa, leo siku ya sita sijagusa. — Mwenye Hofu

Hofu hiyo ndiyo inayoharibu. Kipandikizi kwa siku mbili za kwanza kinashikwa na damu iliyoganda tu, na ndani ya siku tano hivi ukivuta unywele kinaweza kutoka chote. Kufika siku ya tisa au ya kumi ngozi imeshakikamata: unywele ukivutwa unatoka peke yake na mzizi unabaki chini. Kwa hiyo siku kumi za mwanzo kazi yako ni kulainisha vigaga bila kuving'oa, na baada ya hapo ni kuvitoa vyote. Asiyeosha kabisa anafika wiki ya tatu ana gamba gumu, chini yake jasho na bakteria, na anaanza kuota vipele vya usaha.

Maji ya kisima cha chumvi usiyatumie kwanza. Yanakausha ngozi, na hujui kingine kilichomo. Bomba likitoka, chemsha lita tatu kwa kila siku utakayoosha, yapoe hadi yawe vuguvugu, yafunike kwenye ndoo safi. Kama hakuna, nunua maji ya chupa ya lita tano. Ya kupulizia ni tofauti: nunua normal saline (maji safi ya chumvi) ya dripu, chupa ya mililita 500, duka lolote la dawa, umimine kidogo kidogo kwenye chupa mpya ya kupulizia. Siku tatu za mwanzo unapuliza kila nusu saa hadi saa moja ukiwa macho, kutoka umbali wa shubiri moja. Iliyofunguliwa ikae kwenye friji, na ikibaki kesho yake imwage.

Kuosha kwenyewe, mara moja kwa siku, kuanzia siku uliyoruhusiwa (kwa kawaida ndani ya siku tatu za mwanzo):

Paka losheni au povu la kulainisha ulilopewa, kwa viganja vilivyonyooka, kwa kugusa na kuachia. Kaa dakika 20 hadi 30. Mimina maji kwa kikombe kutoka karibu, yateremke yenyewe. Bomba la mvua liache wiki mbili, kwa sababu mgandamizo wake unatosha kung'oa. Kisha toa povu mkononi kwa shampuu ya mtoto. Povu litengenezwe kiganjani, si kichwani. Ligusishe zilikopandwa kwa kubonyeza kidogo, usisugue wala usizungushe vidole. Kisogoni, zilikotolewa, unaweza kusugua polepole kwa ncha za vidole. Subiri dakika mbili au tatu, mimina tena maji mpaka povu liishe. Kisogo kaushe kwa kitambaa cha karatasi. Mbele acha pakauke penyewe. Taulo lina nyuzi zinazonasa vigaga.

Wewe uko siku ya sita, kwa hiyo anza leo hivyohivyo, usijaribu kufidia. Kuanzia siku ya kumi ongeza muda wa losheni hadi dakika 45 na uanze kuzungusha ncha za vidole, kucha zikiwa fupi. Vigaga vianze kudondoka vikiwa na vinywele ndani. Vikitoka bila damu, hujapoteza kitu. Damu ndiyo dalili ya kipandikizi kilichong'oka: bana hapo kwa shashi iliyoloweshwa saline, wima, dakika tano hadi kumi bila kuchungulia. Kimoja au viwili kati ya 2,000 havionekani kwa mtu yeyote. Kufika siku ya 14 kichwa kiwe kisafi.

Mafuta ya nazi, mshubiri, juisi ya kitunguu, habbat soda: hakuna hata kimoja juu ya kidonda kibichi. Kikiwasha, puliza saline. Kikizidi, muulize mfamasia kuhusu cetirizine ya miligramu 10 usiku.

Na mambo madogo ya nyumbani ambayo karatasi ya Istanbul haina. Chandarua kifungwe juu zaidi, maana kila unapoinama kuingia kitandani kinapita juu ya kichwa. Shati liwe la vifungo. Fulana na kanzu yenye shingo nyembamba ziache siku kumi. Kwenye Hiace uwe wa mwisho kunyanyuka, na unyanyuke ukiwa umeinamisha magoti, si kichwa. Dari la daladala ndilo adui wa vipandikizi vya utosini. Umeme ukikatika usiku na jasho likaanza, puliza saline badala ya kujifuta.

Assalaam alaykum. Nimepandikizwa mstari wa mbele wa nywele. Vipi kuhusu sujudu na udhu? — Magomeni

Waalaykumu salaam. Tunajibu upande wa tiba. Hukumu ni ya sheikh wako, na ni vizuri umwone kabla ya safari, si baada.

Sujudu ina matatizo mawili kwa siku kumi za mwanzo. Kichwa kikishuka chini ya moyo, damu na ule uvimbe vinakimbilia mbele, na sehemu zilizochomwa zinaweza kuvuja tena. La pili ni mkeka: mstari wa mbele umekaa sentimita chache tu juu ya paji, na wakati wa kuinuka paji linaburuta kidogo. Kitabibu tungetaka uswali kwenye kiti kwa ishara, ukiinama kwa sujudu kidogo zaidi ya rukuu, hadi siku ya kumi, na ikiwezekana hadi ya 14. Ruhusa ya mgonjwa kuswali ameketi inajulikana, lakini kama hali yako inaingia humo, sheikh ndiye atakayesema. Uswali nyumbani au mwisho wa safu. Msikiti wa Ijumaa ukijaa, kiwiko cha jirani hakijui kuwa umepasuliwa.

Kwenye udhu, kuosha uso hakuna shida ukitumia kiganja na kuishia chini ya mstari. Kupaka kichwa ndipo penye shida: viganja vyenye maji kutoka mbele kwenda nyuma na kurudi ndiyo hasa mwendo unaong'oa vipandikizi. Mweleze sheikh hivyohivyo, kwamba daktari amekataza kupitisha mkono juu ya jeraha kwa siku kumi, na umuulize la kufanya. Josho tunaliona rahisi kuliko udhu, kwa sababu maji ya kumimina kwa kata, taratibu, hayana madhara baada ya ule mwosho wa kwanza.

Baraghashia inayobana isubiri wiki tatu. Iliyo pana, safi, isiyogusa mbele, unaweza kuivaa baada ya siku ya kumi.

Naendesha bodaboda, siwezi kukaa mwezi mzima bila kazi. Naweza kuvaa helmeti lini? — Kijana wa Kimara

Wiki ya tatu kwa iliyo kubwa na laini ndani, ya nne kwa inayobana. Kuendesha bila helmeti siyo jibu, tafadhali. Kama kazi haikuruhusu kupumzika hata wiki tatu, ahirisha upasuaji upange mwezi unaoweza kukaa.

Jua nalo lina hesabu yake. Ngozi iliyopona karibuni, hasa nyeusi, ikipigwa na jua inaacha madoa meusi yanayokaa miezi. Wiki mbili za mwanzo tembea na mwavuli. Baada ya hapo kofia pana isiyobana, kwa miezi mitatu. Mafuta ya kuzuia jua yasipakwe zilikopandwa kabla ya mwezi kuisha. Kutembea kwa miguu ruksa baada ya siku tatu au nne. Vyuma vya gym visubiri wiki nne, na sita kwa waliokatwa ukanda wa ngozi kisogoni na kushonwa, kwani kunyanyua mizigo kunavuta kovu likapanuka.

Wengi wanauliza kama kuogelea Coco Beach au Kigamboni ni sawa na kupuliza saline. Hapana. Saline ina gramu 9 za chumvi kwa lita, bahari ina kama 35, pamoja na mchanga, mawimbi na chochote kilichoshuka na mto. Mwezi mmoja kavu.

Wiki ya tano sasa, nywele zote nilizopandikizwa zimedondoka. Hata za zamani zimepungua. Nimetapeliwa? — Aliyekata Tamaa, Sinza

Hujatapeliwa, kaka, au angalau si kwa dalili hii. Mzizi uliohamishwa unapata mshtuko na kuingia kwenye mapumziko. Unywele wake unadondoka kati ya wiki ya pili na ya nane, mzizi unabaki umelala. Nywele za zamani zilizo jirani hupatwa na mshtuko uleule, na nyingi hurudi.

Ratiba ya kweli ndiyo hii: mwezi wa pili unafanana na ulivyokuwa kabla ya kulipa, na pengine vibaya zaidi. Mwezi wa tatu au wa nne vinatoka vinywele vyembamba kama vya mtoto, vingine vimejisokota. Wa sita umefika kama nusu. Wa kumi na mbili ndiyo unaweza kuhukumu mbele, na utosi mpe hadi miezi 18, kwa sababu pale panachelewa. Piga picha mara moja kwa mwezi, sehemu ileile, taa ileile, ukae nazo. Kujitazama kila asubuhi kwenye kioo hakutakuambia kitu.

Mwezi wa tatu na wa nne huja vipele vichache: ni nywele zinazotafuta njia. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika kumi kinatosha. Vikizidi kumi, vikiuma au vikiungana, mwone daktari wa ngozi.

Kuna sababu nywele za kisogoni zinadumu hata zikihamishiwa mbele. Mwaka 1959 Norman Orentreich wa New York alionyesha kuwa unywele uliohamishwa unabaki na tabia ya ulikotoka, si ya ulikopelekwa. Upande wa pili wa habari hiyo haupendwi kusikika: nywele zako za asili za mbele bado zina tabia yao ya kuisha. Ndiyo maana wanaume wengi wanaandikiwa finasteride, kidonge cha kupunguza kasi ya nywele kuisha, miligramu 1 kwa siku. Ina madhara kwa baadhi, ikiwemo kupungua hamu ya tendo, hivyo izungumzwe na daktari uso kwa uso. Kidonge kilichovunjika kisiguswe na mjamzito, na ukipimwa damu ya tezi dume mwambie daktari unaitumia, kwa sababu inashusha kipimo kama nusu. Minoxidil, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, kama ulikuwa unaitumia inaweza kurudi vigaga vikiisha na ngozi ikitulia, wiki ya tatu au ya nne.

Nina vinundu kisogoni vinavyotokea nikinyolewa chini sana. Nimeshalipa nusu ya gharama. Niende? — Mbezi

Usipande ndege bado. Vinundu hivyo vya kisogoni ni vya kawaida kwa wanaume weusi, na viko palepale daktari anapotaka kuchukua nywele. Kutoboa ngozi iliyowaka kunavichochea. Kwanza vizimwe: wembe na mashine ya sifuri viachwe, na daktari wa ngozi aandike dawa za kupaka au za kunywa mpaka ngozi itulie kwa miezi kadhaa.

Kisha jikague. Kovu la chanjo begani limevimba? Kifuani, sikioni ulipotobolewa, kidevuni? Baba au dada ana makovu yanayokua kupita jeraha? Kama jibu ni ndiyo, kukatwa ukanda na kushonwa kuondoe kwenye mawazo kabisa. Kutoa kimoja kimoja kuna hatari ndogo zaidi, lakini ipo. Omba kwanza jaribio dogo la vipandikizi vichache, usubiri miezi. Kovu la namna hii linaweza kuanza mwezi wa tatu, hata baada ya hapo. Likianza kuwasha na kunyanyuka, sindano za triamcinolone (steroidi ya kutuliza kovu) kila wiki nne hadi sita zinafanya kazi vizuri zaidi likiwa changa.

Jambo moja zaidi la kumuuliza huyo daktari kabla ya kumalizia malipo. Nywele za kipilipili zimejikunja hata chini ya ngozi, na sindano ya kutolea ikienda moja kwa moja inakata mzizi. Mwombe picha za wateja wenye nywele kama zako, za mwaka mmoja baada ya upasuaji. Akikutumia za Waturuki watupu, umeshajibiwa.

Mimi ni mwanamke, kingo zangu ziliisha kwa misuko, nimepandikizwa miezi mitatu iliyopita. Kuna harusi Desemba. Naweza kusuka? — Dada wa Ubungo

Kingo hapana, dada. Misuko, wigi ya gundi na kibanio, vyote vinavuta palepale, na mzizi uliohamishwa nao hufa ukivutwa kila wiki. Subiri mwaka mzima, na hata baada ya hapo acha vidole viwili vya mbele nje ya msuko. Dawa ya kunyoosha isikaribie kabla ya miezi sita. Ushauri wetu ni isirudi kingoni kabisa. Kwa harusi, kilemba cha satini kisichobana kinatosha.

Kwa wanaopanga kufanya: kama nywele zilianzia kuisha utosini na zinasambaa kuelekea pembeni, ngozi imekuwa laini inayong'aa, huo unaweza kuwa ugonjwa wa kovu na siyo misuko. Inachukuliwa nyama ndogo ya ngozi ipimwe, na ugonjwa utulizwe mwaka au zaidi kabla ya kupanda chochote.

Siku ya tano nina homa. Duka la dawa wamenipa dawa ya malaria. — Temeke

Ulipimwa? Kapime, kipimo cha haraka hakichukui nusu saa. Hata kikisema malaria, kichwa nacho kitazamwe leo. Homa ya 38 na kuendelea pamoja na maumivu yanayozidi au usaha ni maambukizi hadi daktari aseme vingine. Cha dharura zaidi ni kiraka zilikopandwa kinachogeuka kijivu kisha cheusi, kinauma au kinanuka: ngozi inakufa kwa kukosa damu, na wavutaji sigara na wenye kisukari ndio walio hatarini. Hapo usisubiri WhatsApp. Nenda siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye daktari wa ngozi au wa upasuaji, Muhimbili au ya rufaa iliyo karibu, na ubebe karatasi ya dawa ulizopewa.

Sigara na bia? — Wengi

Sigara iache wiki mbili kabla na mbili baada, kwa sababu iliyo hapo juu. Bia wiki moja, na zaidi kama bado unakunywa antibayotiki.

Kinyozi lini? — Kijitonyama

Kisogoni na pembeni mashine baada ya wiki nne. Zilikopandwa mkasi tu mpaka mwezi wa tatu, mashine baada ya hapo, wembe baada ya miezi sita. Nenda na mashine yako mwenyewe, au uone ya kinyozi ikisafishwa mbele yako. Ile spiriti anayomwaga mwishoni mwambie aishie kisogoni.